Kutoka Chungu cha Mbege Hadi Kiwandani: Kwa Nini Tunachangia Maabara



Mwaka huu tunachangia jambo lenye jina gumu: kuwafundisha wanafunzi wetu wa sekondari udhibiti wa mitambo inayojiendesha katika viwanda vinavyotumia viumbe hai. Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe tumekulia ndani yake.

Mama zetu wanapopika mbege, ndizi huchemshwa na kuachwa zichachuke, kisha huongezwa uji wa ulezi. Mpishi anagusa, ananusa, anaonja, anasubiri. Anayechachusha si yeye, ni hamira, vijidudu hai visivyoonekana kwa macho. Yeye anavitunza. Uji ukimiminwa ungali wa moto, vinakufa. Baridi ikizidi, vinalala.

Kiwanda nacho hufanya hivyo hivyo, ila kazi ya mkono hufanywa na kihisi, na uamuzi hufanywa na kompyuta: pima, linganisha na kiwango kilichowekwa, rekebisha, pima tena. Hata pasi ya umeme inayojizima ikishapata moto inafuata kanuni hiyo. Insulini wanayojidunga wazee wetu wenye kisukari hutengenezwa na bakteria au hamira ndani ya matangi ambayo joto, asidi na oksijeni yake husimamiwa namna hiyo. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1982.

Vijana wetu huandika mlinganyo wa uchachushaji kwenye mtihani na kupata alama. Kuuendesha uchachushaji wenyewe ni jambo jingine. Tunapendekeza meza za mafunzo ya kutengeneza yogati. Maziwa yanapashwa hadi nyuzi 85, yanapozwa hadi 43, yanatiwa yogati kidogo ya kuanzia. Kihisi, kipasha joto na kompyuta ndogo wanayoipangia programu wenyewe vinalishikilia joto hilo kwa saa kadhaa, mpaka pH ishuke hadi karibu 4.6 na maziwa yagande. Umeme ukikatika, wataona kwenye grafu joto likishuka, na wataelewa kwa nini kiwanda hakikosi jenereta.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunajua tangi moja likiharibika linavyomeza faida ya matangi mengi. Ndiyo maana anayejua kusoma kipimo na kurekebisha mtambo hulipwa zaidi ya anayebeba kreti. Watoto wetu tunataka wawe upande upi?

Sote tumeona kompyuta za msaada zikifungiwa stoo kwa kukosa mwalimu. Kwa hiyo michango itakuwa na mafungu matatu: vifaa, mafunzo ya walimu, vipuri pamoja na betri. Tukipungukiwa, tutapunguza idadi ya meza. Fungu la walimu halitaguswa. Risiti zote zitasomwa mkutanoni Desemba, tukiwa wote nyumbani.

Karibuni tuchangie.