Kumkumbuka Tabibu James Christie, Mwandishi wa Khabari za Maradhi ya Pwani





Huenda wako watakaouliza kwa nini jumuiya ya Waislamu wa pwani hii itenge saa nzima kumkumbuka tabibu wa Kizungu, asiyekuwa wa dini yao, aliyekaa Unguja na si Kisimayu, na ambaye amekwisha kufa zaidi ya miaka mia moja. Swali hilo ni la haki. James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Unguja, alipiga chapa London mwaka 1876 kitabu kikubwa juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, tangu mwaka 1821 hata 1872. Khabari zilizomo hakuzitoa katika maktaba za Ulaya, kwani humo hazikuwamo. Alizipata kwa wenyeji wa pwani: kwa manahodha, kwa wafanya biashara wa misafara ya bara, kwa watu waliokuja na vyombo kutoka Arabuni, na kwa wazee walioyakumbuka maradhi ya ujana wao. Aghlabu ya watu hao walikuwa Waislamu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Anayelifungua jina la Christie hufungua, apende asipende, mlango wa hao wasiotajwa.

Katika siku zake, matabibu wa Ulaya walikuwa wakigombana. Baadhi yao walisema kipindupindu huletwa na hewa mbaya inayotoka ardhini na mitoni. Wengine walisema hubebwa na watu na hufuata njia zao. John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha London mwaka 1854 kwamba maji ya pampu moja ya mtaani yaliwaua waliokunywa, lakini wengi hawakumsadiki. Kijidudu chenyewe hakikujulikana kwa yakini hata Robert Koch alipokitenga katika miaka ya 1883 na 1884. Kwa Muislamu, khabari ya maradhi yanayokwenda na watu haikuwa ngeni. Inajulikana jinsi Sayyidna Omar bin Khattab alivyorudi njiani alipokuwa akienda Shamu, baada ya kusikia kwamba tauni imeingia huko, na jinsi Abdurrahman bin Auf alivyomsimulia mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtu asiingie nchi yenye tauni, wala asitoke humo kwa kuikimbia. Mashekhe wanayajua hayo zaidi, na si haja kuyarefusha.

Mwaka 1865 kipindupindu kilishika Makka wakati wa Haji. Inakisiwa kwamba kati ya mahaji 90,000 walikufa 15,000, na wale waliosalimika waliondoka na maradhi katika majahazi na merikebu za moshi. Msiba huo ndio uliowakutanisha wakubwa wa dola mbalimbali Istanbul mwaka 1866, wakakiri kwamba kipindupindu husafiri na wanadamu. Lakini juu ya kusini mwa Bahari ya Sham, na juu ya pwani ndefu iendayo hata Msumbiji, hawakuwa na la kusema. Hapo ndipo ilipo kazi ya Christie.

Wazee wa visiwani hawahitaji kufundishwa njia za bahari. Kaskazi huanza kuvuma karibu na Disemba, na vyombo vya Arabuni, vya Ghuba na vya Bara Hindi hushuka nayo, vikigusa Mogadishu, Marka, Barawa, Kisimayu na Lamu kabla ya kufika Mombasa na Unguja, kusi huvirudisha. Chombo kilichopakia tende, samaki wa chumvi na mazulia kiliweza pia kupakia mgonjwa. Christie alihesabu miaka ya misiba: 1821, kisha 1836 na 1837, kisha 1858 na 1859. Richard Burton aliukuta msiba huo wa tatu kwa macho yake alipokwenda Kilwa mwanzo wa mwaka 1859. Kwa hiyo watu wa pwani walijizoeza kuitazama bahari. Kipindupindu, kwa fahamu zao, kilikuwa mgeni wa kaskazi.

Mwaka 1869 mgeni huyo alikuja kwa mlango wa nyuma. Maradhi yalizuka Pangani, tena hayakutoka baharini, yalitoka bara, katika njia za Umasai. Kutoka Pangani yalivuka hata Unguja mwisho wa mwaka ule, yakaua maelfu ya watu, na mafukara na watumwa ndio walioteketea zaidi. Kisha yalishuka Kilwa, yakaenda Msumbiji na Ngazija, na kwa misafara yakaingia bara hata Ujiji na Manyema, ambako David Livingstone aliyataja katika mwaka 1870.

Tabibu mvivu angeliandika kwamba hewa ya Unguja imeharibika, akakunja karatasi yake. Mji wa Unguja ulikuwa mchafu vya kutosha kuipa nguvu hoja hiyo. Christie alikwenda kuuliza. Aliwauliza watu wa misafara ni wapi walikokutana na maradhi na yalitoka upande gani, na maneno ya mmoja akayapima kwa maneno ya mwingine. Hivyo alirudi nyuma kituo kwa kituo: kutoka Pangani hata Umasai, kutoka Umasai hata nchi za Waoromo, ambao siku hizo waliitwa Wagalla, kutoka huko hata Uhabeshi na pwani ya Bahari ya Sham, na mwisho wa uzi akaikuta ile Haji ya mwaka 1865. Maradhi yalikuwa yametembea miaka minne kwa miguu ya wanadamu na wanyama wao, katika nchi ambazo ramani za Ulaya ziliziacha nyeupe. Wasomi wa baadaye wameweza kusahihisha hapa na pale; njia yenyewe, kwa jumla, imesimama.

Ilimlazimu, ili aeleze njia ya ugonjwa, aeleze kwanza nchi, makabila na biashara, na ndiyo maana kitabu cha tabibu kimejaa khabari za pembe, za watumwa, za ng'ombe na za pepo za bahari. Kwa habari ya bara, walimwengu wa siku hizo walitegemea wasafiri wa Kiswahili. Mmisionari Thomas Wakefield, aliyekaa Ribe karibu na Mombasa, alichapisha mwaka 1870 njia za misafara ya Umasai kama alivyosimuliwa na Sadi bin Ahedi, na jina la Sadi likabaki. Christie hakuwa mkarimu hivyo kwa watu wake wote. Tena ziko kurasa zake juu ya tabia za wenyeji ambazo msomaji wa leo atazisoma kwa kukunja uso, kwani alikuwa mtu wa zama zake na alitazama kwa macho ya zama hizo. Hilo lisifichwe kwa sababu ya heshima ya leo.

Jambo la pili alilolifanya ni dogo kwa kimo, na pengine ndilo litakalodumu zaidi. Mwaka ule ule wa 1870, Unguja ikiwa haijamaliza kuzika, iliingia homa nyingine. Mtu mzima alishikwa ghafla, viungo vikamkaza hata asiweze kusimama, mwili ukatoka vipele, na baada ya homa kuondoka maumivu ya viungo yakabaki kumsumbua. Haikuua wengi, lakini ililaza mji. Wageni hawakuijua. Wazee wa Unguja waliijua mara moja, wakasema ni kidinga pepo, ndiyo ile iliyokuja walipokuwa vijana, karibu na mwaka 1823. Kumbukumbu ya miaka arubaini na saba haikuwa katika daftari lo lote la serikali. Ilikuwa vichwani mwa watu. Christie aliiandika, akalitia jina la Kiswahili katika kichwa cha makala yake katika gazeti la matabibu wa Uingereza mwaka 1872, na mwaka 1881 akairudia katika gazeti la matabibu wa Glasgow. Alitoa hoja kwamba neno dengue, linalotumiwa na matabibu ulimwenguni kote, lilitoka katika kinywa cha Mswahili, likavuka bahari na watumwa hata visiwa vya Karibi. Wajuzi wa lugha hawajaafikiana juu ya hoja hiyo hata leo, ingawa Waswahili wenyewe wanaendelea kuita homa hiyo kidingapopo.

Tena kuna la kustaajabisha. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa ya viungo ilizuka katika nyanda za Makonde, kusini ya Tanganyika, na wataalamu wakagundua kirusi kipya, wakakiita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Mwaka 1971 mwanachuoni mmoja aliyasoma upya maandishi ya karne ya 19, akatoa hoja kwamba ile homa ya Unguja ya 1823 na ya 1870 haikuwa dengue, bali ilikuwa chikungunya hii. Dalili kubwa ni yale maumivu ya viungo yasiyoondoka. Ikiwa ndivyo, Christie alikosea jina. Lakini dalili alizieleza kwa uaminifu, asipunguze lile lisilolingana na fikira zake, hata mtu mwingine akaweza kumsahihisha kwa ushahidi wake mwenyewe. Ni watafiti wachache wanaowaachia warithi wao mali ya namna hiyo.

Na homa hiyo haikuwa hadithi ya kale kwa majirani wa visiwa hivi. Katikati ya mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu. Watafiti walipopima damu za watu waliona kwamba yapata robo tatu ya wakaazi, watu kama 13,500, walikuwa wameipata. Ulikuwa wakati wa ukame, na maji ya nyumbani yaliwekwa katika mitungi na mapipa yasiyofunikwa vyema, mbu wakazaliana humo. Kutoka huko ilifika Mombasa, na mwaka 2005 ikavuka hata Ngazija na visiwa vya mbali zaidi vya Bahari ya Hindi. Ramani ya safari yake ingelifahamika na nahodha ye yote wa zamani.

Christie alipotoka Unguja alifanya kazi Glasgow, na huko akawa mhariri wa jarida la afya lililoitwa Sanitary Journal. Kwa mtu aliyeiona Unguja ya mwaka 1869, mji ule ulikuwa na somo lake. Glasgow ilipoteza karibu watu 4,000 kwa kipindupindu katika miaka ya 1853 na 1854. Mwaka 1859 maji safi ya ziwa Katrine yakaletwa kwa mabomba kutoka milimani. Kipindupindu kilipokuja tena mwaka 1866, waliokufa walikuwa 53. Kazi ya mhariri haina sifa nyingi: ni kusoma barua za wengine, kukataa maneno matupu, na kumdai mwandishi aseme aliona wapi, lini, na kwa nani. Lakini aliyekwisha kupima maneno ya msafara na msafara hakuwa mgeni katika kazi hiyo.

Sasa neno moja juu ya maji ya hapa nyumbani. Wenyeji husema kwamba jina la mji huu ni Kisima-yuu, yaani kisima kilicho juu. Visiwa vya Chula, Koyama, Chovai na wenzake ni vya mawe ya matumbawe. Visima vyake aghlabu ni vya maji ya chumvi chumvi, na watu wameishi kwa kuyatega maji ya mvua. Kila tone lilikuwa na mwenyewe na na adabu yake. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni. Wengi walikimbilia Kenya, na kutoka huko wengine wakaenda nchi za mbali, na desturi za kulinda maji zikatawanyika nao. Kipindupindu hakikutawanyika. Katika ukame wa mwaka 2017 Somalia ilihesabu wagonjwa zaidi ya 70,000. Mwezi wa Machi mwaka huo ndipo chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilipotolewa kwa mara ya kwanza katika nchi kwa mpango mkubwa, ikikusudiwa kuwafikia watu zaidi ya 450,000, na Kisimayu ulikuwa mmoja wa miji iliyochaguliwa, pamoja na Mogadishu na Beledweyne.

Chanjo hiyo imeandikwa katika madaftari ya wakubwa wa afya. Yaliyotangulia hayakuandikwa yote. Kipindupindu cha zama hizi kilifika Somalia mwaka 1970. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku hiyo, akayaona maradhi au akawasikia wazazi wake wakiyataja, ni mzee leo, na huenda anakaa Mombasa, au katika mji wa baridi ambako hapana jirani amjuaye kwa lugha yake. Anajua majina ya maradhi kwa Kibajuni. Anajua ni kisima kipi kilichofungwa na ni nani aliyeamuru kifungwe, chombo gani kilizuiliwa kutia nanga, na maiti walizikwa wapi walipokuwa wengi. Vijana wa jumuiya hii wenye simu za kurekodia wako katika kila mji alioko mzee wa namna hiyo. Waulize kama Christie alivyouliza, mwaka gani, upepo gani, ulitoka upande upi, nani aliugua kwanza. Na zaidi ya alivyofanya yeye, waandike jina la aliyejibu.