Nani Anamkagua Mkaguzi?

Ndugu mliohamishwa na vita, na ninyi machifu, tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, maji ya mvua yaliingia katika mashimo ya dhahabu. Makumi ya wachimbaji walikufa.

Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, imeipa serikali kazi ya kukagua machimbo. Lakini mkaguzi akipokea bahasha na kurudi bila kuliona shimo, nani atamkagua yeye? Wakubwa wake serikalini. Nao hawatajua tukinyamaza.

Basi msimpige mawe. Mwombeni karatasi ya ukaguzi. Chifu, andika siku aliyofika na shimo alilolikagua, peleka nakala kwa Msimamizi wa teritwari, baki na nyingine.