MTAFITI AKIJA KIJIJINI, NASI TUMUULIZE

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya kando ya ziwa

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya mtafiti mkuu katika mashirika yanayohudumia jamii. Najua kuna mtu anajiuliza moyoni: hiyo inatuhusu nini? Mtafiti ni mtu wa ofisi, huko Milimani au Nairobi. Sisi shida zetu ni maji, karo na mbegu.

Basi hebu tufanye hesabu ndogo. Nyosheni mikono: nani hapa amewahi kuulizwa maswali na mtu mwenye fomu, au mwenye simu ya kubonyeza majibu? Naona karibu wote. Haya, shusheni. Sasa, nani amewahi kurudishiwa majibu? Yaani yule aliyeuliza akarudi akasema, "Tuliwauliza hivi, tumepata hivi, tutafanya hivi." Mikono imepungua, sivyo?

Hilo ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo. Anayeuliza ana deni. Utafiti haujakwisha siku ripoti inapochapwa. Umekwisha siku jibu linaporudi kwa waliojibu. Na sisi wenye vikundi tuna haki ya kulidai deni hilo, kwa heshima, lakini bila kuona haya.

KAZI YENYEWE NI NINI

Mtafiti mkuu si yule kijana anayetembea nyumba kwa nyumba. Huyo ni mhoji. Mtafiti mkuu ndiye anayeamua swali gani liulizwe, waulizwe akina nani, kwa lugha gani na saa ngapi. Anawafundisha wahoji, anakagua majibu yao, kisha anaandika ripoti. Baada ya hapo anasimama mbele ya wakubwa wa shirika na wafadhili, anawaambia yaliyopatikana.

Hapo pa mwisho ndipo pagumu. Pengine shirika limeshapata pesa za kuchimba visima, na majibu ya watu yanasema visima wanavyo, ila vimeharibika na hakuna fundi. Mtafiti mwenye cheo lakini hana ujasiri ataandika yale mkubwa wake anataka kusikia. Mtafiti wa kweli atasema: wananchi hawakuomba kisima kipya, wameomba vipuri na fundi. Kazi yake ni kuifikisha sauti yenu mahali ambapo nyinyi hamketi.

SWALI BAYA HULETA MRADI MBAYA

Tuseme shirika linataka kupigana na UKIMWI kwenye fuo za samaki. Fomu yao inauliza: "Je, unajua UKIMWI unavyoenea?" Mama muuza samaki atajibu ndiyo, maana anajua. Shirika litachapa makaratasi mengine ya mafunzo, liyagawe, liende zake.

Lakini mtu akikaa naye chini, akamwuliza, "Mashua ni za nani hapa? Samaki wakiwa wachache, ni nani anauziwa kwanza?" hapo ndipo habari ya jaboya inapotoka. Mnaijua. Mwanamke analala na mvuvi ili auziwe samaki, kwa sababu asipofanya hivyo atarudi nyumbani na karai tupu. Taabu yake si kutojua. Taabu yake ni kwamba mashua si yake.

Akina mama wa Nduru, kule Nyakach, waliliona jambo hilo kwa macho yao wenyewe. Karibu mwaka wa 2011 walianza kikundi cha wanawake wenye mashua zao, wakawaajiri wanaume wavue, kwa msaada wa wafadhili. Jina lake ni No Sex for Fish, maana yake hakuna kulala na mtu ili upate samaki. Mwaka wa 2020 ziwa lilifurika, nyumba zikazama na akina mama wakahama. Kwa hiyo nisiwadanganye kwamba mashua ni dawa ya kila kitu. Lakini angalieni tofauti: swali la kwanza lilileta makaratasi, swali la pili linaleta mashua.

GUNIA LA OMENA

Watu huuliza, "Mbona jirani yangu aliulizwa na mimi nikarukwa?" Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu peke yake. Hakuna shirika linaloweza kuwauliza wote. Lazima lichague wachache.

Mama anayenunua gunia la omena hatazami za juu tu. Anajua muuzaji huweka nzuri juu. Anaingiza mkono katikati, na chini, ndipo anajua gunia lote likoje. Mtafiti naye afanye hivyo. Akiuliza wale walio karibu na barabara ya lami, au wale walioitwa na chifu, au viongozi wa vikundi kama sisi tuliokaa hapa, ametazama juu ya gunia. Ndiyo maana hupiga kura, kila nyumba iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa: ya mjane, ya mzee asiyetoka nje, ya mtu asiye na kikundi. Kwa hiyo ukirukwa usikasirike. Lakini wakichagua marafiki wa mtu fulani, hapo una haki ya kuuliza.

MFANO WA ASEMBO NA GEM

Kazi hii inaweza kuokoa maisha ya watu. Mwaka wa 1996, watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walianza utafiti mkubwa wa neti zenye dawa ya mbu huko Asembo na Gem. Vijiji zaidi ya 200 viliingia. Vilipigiwa kura: nusu vipate neti kwanza, nusu vingoje.

Majibu yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi miezi 11 vilipungua karibu robo katika vijiji vyenye neti. Tena lilipatikana jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Hata nyumba zisizo na neti zilikingwa kiasi, ikiwa ziko karibu na kijiji chenye neti, yaani umbali wa mita 300 hivi. Mbu walikuwa wamepungua kwa wote. Maana yake neti ya jirani inamlinda mtoto wako pia. Ushahidi wa namna hiyo ndio uliosaidia kuwashawishi wakubwa wa dunia kwamba inafaa watu wote wapate neti, si wenye pesa tu.

Na vile vijiji vilivyongoja? Vilipewa neti baadaye. Hilo ni la kukumbuka. Mkiwekwa upande wa kungoja, ulizeni mapema: "Zamu yetu ni lini? Na ikionekana kitu hiki kinafaa, nasi tutapata?"

SIAYA NA HOMA BAY

Mfano wa pili ni wa pesa. Shirika la GiveDirectly liligawa pesa bila masharti kule Siaya, karibu dola 1,000 za Marekani kwa kila nyumba iliyochaguliwa, zile za paa la nyasi. Utafiti huo ulihusu vijiji 653, na nyumba zaidi ya 10,500 zilipata pesa hizo. Watu waliogopa kwamba bei ya vitu itapanda na wasiopata wataumia. Majibu yaliyotolewa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba bei zilipanda kidogo sana. Hata wale ambao hawakupewa kitu walifaidika, kwa kuwa waliopata walinunua mahindi, mabati na kazi ya fundi kwao.

Lakini shirika hilo hilo lilipofika Homa Bay mwaka wa 2015, watu wengi sana walikataa pesa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba ni pesa za shetani. Msicheke. Mtu akikuletea pesa na hujui anataka nini, kuogopa si ujinga. Watu walikuwa wanatafuta jibu la swali moja: kwa nini mimi? Wasipopewa jibu wanaloliamini, watatunga lao wenyewe. Kwa hiyo mtafiti aliye na haraka ya kujaza fomu kabla hajaeleweka anapoteza wakati wake na wetu.

SIRI YA MTU NI KAMA MTOTO WAKE

Kuna maswali yanayoingia chumbani. Umepimwa? Nani alikupiga? Nani anakuuzia samaki, na kwa sharti gani? Mama akijibu hayo, ameweka usalama wake mikononi mwa mhoji. Habari ikifika bandani jioni, atapigwa, au hatauziwa samaki tena. Kwa hiyo majina yatengwe na majibu. Mhoji asiwe jirani wala shemeji. Na mwenyekiti wa kikundi asisimame mlangoni kusikiliza, hata kama nia yake ni njema.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zitatumika kwa kazi gani, kuziona, na kukataa zisitumiwe. Na utafiti wa kisayansi nchini Kenya unahitaji kibali cha ile tume ya serikali ya sayansi inayoitwa NACOSTI. Kuomba kukiona kibali si kumfukuza mgeni.

MASWALI MATANO YA KUMWULIZA MGENI

Katibu aandike haya kwenye jalada la daftari:

1. Wewe ni nani, umetumwa na nani, na kibali kiko wapi?
2. Mnataka kujua nini, na nani atatumia majibu?
3. Mmetuchaguaje? Nani ameachwa nje?
4. Siri zetu zitawekwa wapi, na nani atazisoma?
5. Mtarudi lini kutuambia mlichopata?

Hilo la tano lisisahauliwe. Mwambieni aandike tarehe, na namba ya simu ya ofisi. Akirudi, mwiteni barazani, asome majibu kwa Dholuo au kwa Kiswahili, na watu wapewe nafasi ya kusema, "Hapa hamkutuelewa."

NA SISI TUSIDANGANYE

Sasa nigeuze upande wa pili, maana haki ina ndugu yake anayeitwa wajibu. Mgeni mwenye fomu akionekana, ng'ombe huhamishwa kwa jirani, mabati huitwa ya kaka, na watoto watano wanakuwa tisa. Tunafikiri fomu ni mradi. Sikilizeni: wote tukisema sisi ni maskini wa mwisho, yule maskini wa mwisho kweli anapotea katikati yetu. Mjane anayelala kwenye nyumba inayovuja ataonekana sawa na mwenye duka. Uongo wetu mdogo unamnyang'anya yeye.

Pia tusijibu ili kumpendeza mgeni. Mradi ukiwa mbaya, tuseme ni mbaya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asiyetaja ugonjwa wake atapona vipi?

ANZENI NA DAFTARI LENU

Mwisho, msingoje mtafiti wa mjini. Kikundi chaweza kufanya utafiti wake kwa daftari la shilingi chache. Chagueni swali moja tu. Kwa mfano: gorogoro la omena liliuzwa kwa bei gani kila siku ya soko? Kisima kilikaa bila maji siku ngapi mwezi huu? Watoto wangapi wa wanachama walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo? Mtu mmoja aandike, mwingine akague, na yasomwe kila mkutano. Andikeni hata siku ambayo bei haikubadilika, maana hiyo nayo ni habari.

Fanyeni hivyo mwaka mzima, miezi ya uvuvi na miezi ya kufungwa. Siku mtakapokwenda kwa mwakilishi wa wadi au kwa mfadhili, hamtasema "tuna taabu sana," kama kila mtu anavyosema. Mtafungua daftari na kusema: "Kati ya siku 90, kisima kilikauka siku 41, na tarehe ni hizi." Neno lenye tarehe ni vigumu kulipuuza. Na mtafiti mkuu akifika, atakuta wenyeji wanaojua wanachosema, naye atafanya kazi pamoja nao.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani waliowahi kuja kutuuliza maswali? Nani kati yao alirudi na majibu?
2. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi ambazo huachwa nje kila mara, na kwa nini?
3. Ni habari gani za wanachama ambazo hazifai kusemwa mbele ya watu? Tunazilindaje?
4. Tukiamua kuandika jambo moja tu kwenye daftari letu mwaka huu, liwe lipi? Nani ataandika, na nani atakagua?