Maji ya Butembo: tupange mbele ya kuuzisha kila parsele



Butembo iko muji kwa sheria tangu 2003. Watu wanaongezeka kila mwaka, na vita ya 2024 ilileta wengine. Lakini kiangazi ikifika, munajua wenyewe mustari wa bidoni kwenye chemchemi.

Wengine wanasema: REGIDESO ilete mabomba. Ilete! Katiba, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi. Lakini bomba haizai maji. Mvua inaingia mulimani, inashuka polepole ndani ya udongo, inatokea bondeni. Ukikata parsele juu ya chemchemi, ukachimba choo pale, mtoto atakunywa nini? Na ile mikalitusi tuliyopanda karibu na maji (inatupatia mbao na makala, ndiyo) inakunywa sana.

Meya, tunaomba hivi: muandike chemchemi zote za Kimemi, Mususa, Vulamba na Bulengera. Mupime maji yake wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua. Mukataze kuuzisha viwanja vya juu yake. Hesabu ifanywe kwa watu wa 2045. Na karatasi ibandikwe kwenye kila komini, tusome wote.