Aliyesimama Nyuma ya Wenzake

Leo ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine hukutazamia kulisikia katika kipindi hiki, yaani siku zile kompyuta za nyumbani zilipoanza kuuzwa madukani katika nchi za Marekani na Uingereza. Usifunge redio, mama. Wala wewe, mzee, usiseme kwamba haya ni mambo ya mafundi. Nia yangu ni kuzungumza nanyi juu ya watoto wenu.

Hapo zamani kompyuta ilikuwa mali ya serikali, benki, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Ilikaa katika chumba chake, ikatunzwa na watu wake maalumu, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa hata kuigusa. Mwaka 1975, huko Marekani, ikatokea kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800, ambayo mtu aliweza kuiagiza kwa posta. Lakini wengi waliipokea ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, na kila mmoja ilimpasa kuiunganisha mwenyewe kwa lehemu. Asiyejua kazi hiyo alibaki kutazama tu.

Mwaka uliofuata, 1976, vijana wawili, Steve Jobs na Steve Wozniak, walikuwa wametengeneza kompyuta yao waliyoiita Apple. Katika mji wa Mountain View, jimbo la California, palikuwa na duka lililoitwa Byte Shop, na mwenye duka hilo alikuwa Paul Terrell. Bwana Terrell alikubali kununua mashine 50, kila moja kwa dola 500, lakini aliweka sharti moja: ziletwe zikiwa zimekwisha kuunganishwa. Hakutaka mnunuzi apewe mfuko wa vipande na kuambiwa aende akajitegemee. Kweli, hata baada ya hapo mashine ile haikuwa na kasha wala kibodi, na mnunuzi ilimbidi avitafute mwenyewe. Hata hivyo mlango ulikuwa umesogezwa kidogo, na aliyeusogeza alikuwa mwuza duka. Mtu wa duka humwona mteja uso kwa uso, naye ajua ni nani atakayeondoka mikono mitupu.

Mwaka 1977 mlango ukafunguka zaidi. Maduka ya Radio Shack, ambayo yalikuwa zaidi ya 3,000 nchini Marekani, yalianza kuuza kompyuta iliyoitwa TRS-80 kwa dola 599 na senti 95, pamoja na kioo chake na kinasa sauti cha kaseti. Hayo yalikuwa maduka ambayo watu walizoea kuingia kununua betri na nyaya za redio. Huko Uingereza, mwezi wa Machi 1981, ikatoka kompyuta ndogo iliyoitwa ZX81, kazi ya kampuni ya Bwana Clive Sinclair. Bei yake ilikuwa pauni 69 na peni 95 ikiwa tayari, au pauni 49 na peni 95 kwa yule aliyetaka kuiunganisha mwenyewe. Mwaka huo huo ikaanza kuuzwa katika maduka ya WHSmith, ambako watu waliingia kununua magazeti, vitabu na kalamu. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Msikilizaji, usidhani kilikuwa chombo cha ajabu kama simu uliyo nayo mfukoni leo. Kumbukumbu yake ilitosha herufi 1,024 tu. Haya niliyoyasema tangu nianze yangeijaza mara mbili na kupita. Haikuwa na kioo chake, bali ilifungwa kwenye televisheni ya nyumbani. Ulipoizima, ilisahau yote uliyoiandikia, isipokuwa umeyahifadhi kwanza kwenye kaseti. Tena, ulipoiwasha, haikukupa kitu. Ilikungoja wewe useme nayo kwa lugha iitwayo BASIC, na ukikosea herufi moja, ilikataa kuendelea mpaka urekebishe.

Sasa njoo nami tuingie katika duka mojawapo la miaka ile, siku ya Jumamosi. Mashine imewekwa juu ya kaunta, imewashwa, ili wateja waione. Watoto wamejaa mbele yake. Wengi wao hawana hata peni moja ya kununulia. Mmoja anaandika amri mbili tu. Katika mstari wa 10 anaiambia mashine iandike jina lake. Katika mstari wa 20 anaiambia irudi kwenye mstari wa 10. Basi jina lake linajaa kioo kizima, linapanda bila kukoma, na wenzake wanacheka. Watu wengi waliokuwa watoto siku zile, ambao leo wana mvi, wanasimulia kwamba hivyo ndivyo walivyoanza. Hawakuanzia chuoni, bali kwenye kaunta ya duka, mbele ya mashine ambayo baba zao hawakuweza kuinunua.

Mambo yalitegemea sana yule mwuzaji aliyesimama pale. Wako waliowafukuza watoto, wakisema, “Kama hununui, usiguse.” Wako na waliowaacha, mradi hawakuharibu kitu. Yule aliyewaacha hakupata faida siku ile, wala hakujua anafanya jambo kubwa. Yeye alimruhusu mtoto tu.

Hata redio, ndugu zangu, ilifanya sehemu yake. Programu za mashine zile zilihifadhiwa kwenye kaseti kama sauti, mlio mkali usiopendeza masikioni. Basi huko Uholanzi kulikuwa na kipindi cha redio kilichoitwa Hobbyscoop, ambacho kilitangaza milio hiyo hewani. Baadaye BBC nayo ikafanya hivyo katika kipindi cha The Chip Shop, miaka ya 1983 na 1984. Msikilizaji aliinasa kwenye kaseti yake, akaipeleka kwenye kompyuta, na kompyuta ikaielewa. Aliyekuwa na mashine lakini hakuwa na fedha za kununua programu, alipata programu bure kutoka hewani. Serikali ya Uingereza nayo, kuanzia mwaka 1981, ililipia shule za sekondari nusu ya bei ya kompyuta, na mwaka 1982 ikaanza kuzisaidia shule za msingi vivyo hivyo.

Ukitazama hayo yote utasema, “Basi mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu.” Hapo ndipo nataka tusimame kidogo.

Hebu tazama tena kundi la watoto mbele ya kaunta. Walio mbele ni akina nani? Kwa sehemu kubwa ni wavulana. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba wasichana wasiingie. Bei ilikuwa ile ile kwa wote. Lakini matangazo mengi ya mashine zile yalionyesha mwana na baba yake, na michezo mingi iliyouzwa pamoja nazo ilitengenezwa ikikusudiwa wavulana. Msichana aliyekuja dukani na kaka yake alisimama nyuma, akichungulia juu ya mabega ya wenzake, mpaka wakati wa kurudi nyumbani ukafika.

Je, jambo hilo lilikuwa na madhara? Katika Marekani, mwaka 1984, kati ya kila watu 100 waliopata shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, wanawake walikuwa kama 37. Sasa mtu angetazamia kwamba, kwa kuwa mashine zilikuwa zimeingia madukani na majumbani, idadi yao ingepanda. Haikupanda. Ilishuka, mpaka miaka ya 2010 ilipokuwa kama 18 tu kati ya 100.

Wataalamu wametoa sababu zaidi ya moja. Lakini sikiliza neno hili. Kuanzia mwaka 1995, watafiti wawili, Jane Margolis na Allan Fisher, waliwahoji kwa miaka kadhaa wanafunzi zaidi ya 100 wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon katika mji wa Pittsburgh. Waligundua kwamba katika nyumba nyingi kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya watoto wote iliwekwa katika chumba cha mvulana. Baba aliketi na mwanawe wakaifungua pamoja. Binti alipotaka kuitumia, ilimbidi aombe ruhusa. Walipofika chuoni, mvulana alikuwa amekwisha kuizoea kwa miaka mingi, naye msichana akajiona mjinga, akadhani Mungu hakumpa akili ya kazi ile. Kumbe akili alipewa. Alichonyimwa ni kiti.

Wazazi wale hawakuwa watu wabaya. Waliwapenda binti zao, wakawalipia karo. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kumzuia mtoto wake. Walidhani tu, bila kufikiri sana, kwamba jambo hili si lake.

Hayo yanatukumbusha habari tunayoisoma katika Injili ya Marko, mlango wa 10, kuanzia mstari wa 13. Watu waliwaleta watoto wadogo kwa Yesu, na wanafunzi wake wakawakemea wale waliowaleta. Wanafunzi nao hawakuwa na chuki. Walidhani kwamba Bwana ana shughuli kubwa, na kwamba watoto hawana haja na mambo hayo. Lakini Yesu alikasirika. Ni mara chache Injili yatuambia kwamba alikasirika, na mara hiyo aliwakasirikia rafiki zake mwenyewe, watu wema, waliosimama mlangoni pasipo kujua kwamba wameuziba. Kisha aliwakumbatia wale watoto, akawabariki. Hakutosheka na kusema kwamba mlango uko wazi, aliwavuta karibu.

Basi, mpendwa msikilizaji, turudi kwetu. Leo hapa Kenya kuna nyumba nyingi zenye simu moja nzuri, au kompyuta moja ambayo mjomba aliileta kutoka mjini. Jioni ikifika, ni nani anayekaa nayo? Na ni nani aliye jikoni akiosha vyombo, akimbembeleza mtoto, akichota maji ya asubuhi? Vyombo vikiisha kuoshwa, taa inazimwa. Asubuhi tunasema, “Kijana huyu ana kipaji cha mashine, lakini dada yake hapendi mambo hayo.” Umejuaje kwamba hapendi? Je, uliwahi kumpa kiti kwa saa moja, ukamwambia kaka yake aoshe sufuria?

Na katika parokia zetu, kuna ofisi ambamo kompyuta imefunikwa kitambaa kizuri na kufungiwa ndani. Inafunguliwa mwisho wa mwezi kwa hesabu za sadaka, kisha inafunikwa tena. Najua, ni mali ya kanisa na yapasa kutunzwa. Lakini mwuza duka wa mwaka 1982 naye alikuwa na mali ya kutunza, na mali yake ilikuwa ya kuuzwa. Ikiwa yeye aliweza kumwachia mtoto asiye na peni aiguse kwa dakika kumi, je, sisi tutashindwa na Jumamosi moja kwa mwezi, chini ya uangalizi wa mama mmoja wa kanisa au kijana mwaminifu?

Msiseme kwamba wakati umekwisha kupita. Chuo kile cha Pittsburgh, walipoyasikia matokeo ya uchunguzi, walibadili jinsi walivyochagua wanafunzi. Hawakuweka tena mbele wale tu waliozoea mashine tangu utotoni, wakawaandalia na masomo ya mwanzo wale ambao hawakuizoea. Mwaka 1995, kati ya wanafunzi 100 walioanza masomo hayo, wanawake walikuwa 7. Mwaka 2000 walikuwa 42. Ilichukua miaka mitano tu. Wasichana walikuwa ni wale wale wa Marekani. Kilichobadilika ni walinzi wa mlango.

Ndugu yangu, dada yangu, jioni ya leo kabla hamjalala, tazama ni nani katika nyumba yako anayesimama nyuma ya wenzake. Pengine ni binti. Pengine ni mtoto wa marehemu dada yako uliyemchukua umlee, ambaye haombi kitu kwa sababu ajiona mgeni. Pengine ni yule msichana wa kazi aliyeacha shule darasa la sita. Usimngoje aombe. Mwite kwa jina lake, umwambie, “Njoo karibu, keti hapa, nawe ujaribu.”

Na tuombe. Ee Baba yetu, wewe uliyetuita karibu tulipokuwa mbali, utupe macho ya kumwona aliyesimama nyuma. Utusamehe pale tulipouziba mlango bila kujua, ukatufundishe kusogea. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.