Vinasaba Vimelinganishwa na Nini?

Msikilizaji, ukiambiwa vinasaba vimeoana, uliza kwanza: vimelinganishwa na nini?

Kipimo chenyewe ni hivi. Vipande vya vinasaba husukumwa kwa umeme ndani ya jeli. Vifupi hutangulia, virefu huchelewa, na mistari hutokea. Lakini mstari peke yake hausemi urefu wake. Ndiyo maana pembeni huwekwa vipande vyenye urefu unaojulikana, pamoja na sampuli linganishi, ambayo jibu lake linajulikana tangu mwanzo. Jibu hilo likienda kombo, kipimo kizima kina walakini.

Sasa twende New York, mwaka 1989, kwenye kesi ya mauaji dhidi ya Joseph Castro. Damu iliyokuwa kwenye saa yake ilidaiwa kuwa ya marehemu. Mabishano yakazuka: sampuli linganishi ilitoka kwa nani hasa? Na kwa nini maabara iliiondoa kwenye hesabu mistari miwili ya ziada iliyoonekana kwenye damu ya saa? Wataalamu wa pande zote mbili wakakaa pamoja, wakasema matokeo hayo hayaaminiki. Jaji akakataa ushahidi kwamba damu ililingana na ya marehemu.

Kwa upande mwingine, Castro baadaye alikiri kosa, na familia iliyofiwa ilisubiri muda wote huo. Uchungu wao ni wa kweli. Hata hivyo, nasimama na jaji, maana mshtakiwa wa kesho huenda hana hatia.

Swali ni hili: nani aikague jeli kabla haijafika mahakamani, maabara yenyewe au jicho la nje?