Jiko Lenye Hewa Yake

Tumepewa dakika chache tueleze kwa nini harambee ya mwaka huu ni ya majiko, si ya madawati.

Nani asiyeijua baridi ya kwetu? Juni na Julai sakitu inatanda mashambani kule Kitulo, na hakuna anayekubali dirisha libaki wazi usiku. Zamani halikuwa na neno, maana nyumba ya nyasi ilipumua yenyewe. Leo tunajenga kwa tofali za kuchoma, bati, dari na vioo. Ni maendeleo na tunajivunia. Ila nyumba ya namna hiyo ikifungwa imefungwa kweli, na moto uliomo ndani unagombea hewa na watu.

Tupige hesabu kidogo. Kilo moja ya kuni kavu ikiungua yote inakula hewa ya mita za ujazo kama 4 hadi 5, na moto wa jikoni huvuta hata mara mbili ya hapo. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, kina mita za ujazo 22 na ushee. Kuni za kupikia ugali na maharage jioni moja zinatosha kukimaliza. Hewa isipopata pa kuingilia, hata bomba la moshi linashindwa kuvuta. Moshi unarudi ndani, moto unafifia, na hapo ndipo inapozidi kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala. Asubuhi majirani wanasema karogwa.

Dawa yake fundi yeyote wa kijijini anaiweza. Jiko la tofali lenye mlango wa chuma na bomba la moshi linapewa bomba la pili, la inchi 4, linalotoka nje, linapita chini ya sakafu na kufunguka chini ya wavu wa majivu. Moto unavuta hewa ya nje moja kwa moja, na joto la chumba halifukuzwi. Mdomo wa nje uwekewe waya wa kuzuia panya, uelekee chini mvua isiingie, na usiwe juu kuliko moto. Kipande kinachokaribia moto kiwe cha chuma, plastiki itayeyuka. Nao mlango wa jiko lazima ufunge vizuri, la sivyo bomba hilo ni pambo tu.

Mafiga matatu hayafaidiki na bomba hili. Hayo yanataka jiko la nje au dirisha lililo wazi. Na jiko la mkaa la kubebeka lisiingizwe chumba cha kulala kwa hali yoyote, hata kama moto umebaki majivu mekundu. Tunawaomba sana mnaowapelekea wazazi zawadi za Krismasi: blanketi, ndiyo, jiko la mkaa la kuotea kitandani, hapana.

Tunajua Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Gesi ikifika Makete kwa bei ya mkulima, tutaipokea. Lakini bibi anayeota moto usiku wa leo anaota kuni za mpaini na mkaratusi.

Kwa hiyo tumegawana hivi: kaya itatoa tofali, udongo na nguvu kazi, sisi tulio mbali tutanunua mabomba, waya na milango ya chuma. Tutaanza na wazee wanaoishi peke yao. Fomu ziko mezani kwa mweka hazina, na mwenye jina la mzee wa kitongoji chake aliandike nyuma ya fomu kabla hajaondoka.